Bastola ya Pili Iwe Mdogo Mtu

Hotuba kwa Waswahili wa Texas wenye kubeba bastola kihalali

Wazee wetu, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja.

Kila mmoja wenu humu ndani ana bastola tayari, na wengi mna LTC, leseni ya Texas ya kubeba bastola. Kwa hiyo sitarudia masomo ya kushika na kulenga. Nimeombwa nizungumzie jambo moja: mtu ana bastola yake ya kwanza, ameizoea, sasa anataka ya pili ya kubeba kila siku chini ya nguo. Achague ipi?

Wengi huanzia dukani, mbele ya kioo, wakiuliza bei. Mimi naomba tuanzie nyumbani. Ile ya kwanza inabaki kabatini siku zipi, na kwa nini? Chukua kidaftari, kwa siku 14 andika kila asubuhi: leo nimebeba, leo nimeiacha, na sababu. Usiandike mengi, maneno mawili yanatosha. "Nguo nyepesi." "Nzito." "Naenda shuleni kwa mtoto." Wiki mbili zikiisha utaona sababu zimejipanga zenyewe kwenye mafungu matatu, na kila fungu lina jibu lake.

Fungu la kwanza ni mahali. Ukiona umeiacha kwa sababu ulikuwa unaenda shuleni kwa mtoto, mahakamani, kituo cha kupigia kura au baa yenye lile bango jekundu la 51%, la penye mapato mengi ya pombe, basi bastola ndogo haitakusaidia chochote. Sheria haipimi ukubwa. Hata ile sheria iliyoanza 1 Septemba 2021, inayowaruhusu wengi wenye miaka 21 na kuendelea kubeba bila leseni, haikufungua milango hiyo. Nyumba za ibada zilibadilika mwaka 2019: sasa zinahesabiwa kama majengo mengine ya watu binafsi, kwa hiyo mwenye leseni anaweza kuingia na bastola isipokuwa msikiti au kanisa limeweka tangazo la 30.06, lile la kifungu cha sheria kinachomzuia mwenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa, au limemwambia kwa mdomo asiingie nayo. Angalia mlango kabla ya kuuvuka. Na leseni yenyewe usiiache iishe muda kwa kudhani haina kazi tena. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, na aliyepewa leseni na jimbo lenyewe hayumo katika katazo hilo. Mtaani kwetu, ukiendesha gari dakika 10 tu, umeshapita karibu na shule mbili.

Fungu la pili ni nguo, na hapa ndipo Waswahili tuna shida ambayo vitabu vya Wamarekani havituandikii. Mwongozo wao unadhani mwanamume amevaa jinzi na mkanda mgumu, shati limeachwa nje. Sisi Ijumaa tuko kwenye kanzu. Mama yuko kwenye dera au gauni la kitenge lililoshonwa likamkaa mwilini. Agosti ya Dallas joto linapita nyuzi 38, hakuna anayevaa koti. Nguo hizo hazina mkanda wa kubebea gramu 700 kiunoni.

Kwa aliyevaa kanzu, mfuko wa ubavuni si mahali pa bastola. Kitambaa ni chepesi, uzito unakivuta upande mmoja, na ukiinama kusujudu inaning'inia mbele ya macho ya safu nzima. Mahali pake ni mfuko wa mbele wa suruali unayovaa ndani, ikiwa ndani ya ala ya mfukoni, au mkanda mpana wa kufunga tumboni ulioshonewa ala ngumu. Lakini tuseme ukweli: kuitoa chini ya kanzu ni polepole, mkono wa kushoto lazima upandishe kitambaa kwanza hadi juu ya kiuno. Fanya zoezi hilo nyumbani na bastola tupu mara 20 ndipo uamue kama inafaa. Kwa dada zetu mkanda huo wa tumboni ndio unaofanya kazi chini ya dera na baibui. Mkoba uwe chaguo la mwisho. Ukilazimika, uwe mkoba wenye chumba cha bastola peke yake, bila funguo wala kalamu wala peremende ndani ya chumba hicho, na usiutoe begani hata ukiwa kwa shangazi. Mtoto wa miaka 3 anajua kwamba mkoba wa mama una biskuti.

Fungu la tatu ni uzito na unene. Unakaa garini saa 6 kwa siku, bastola inakuchoma nyonga, ukaamua kuiacha. Kabla ya kununua nyingine kwa sababu hiyo, nunua mkanda. Mkanda laini wa dukani unajipinda, mpini unalalia nje, bastola inaonekana na inaumiza. Mkanda mgumu wa inchi 1.5 uliotengenezwa kwa kazi hiyo umewaokoa watu wengi gharama ya bastola ya pili.

Sasa, kama daftari linasema kweli unahitaji nyingine, neno langu ni hili: bastola ya pili iwe mdogo mtu wa ile ya kwanza. Watoto wa tumbo moja, sura moja, tabia moja, tofauti ni kimo. Sababu iko mkononi. Mkono uliofyatua risasi 3,000 kwa bastola moja umejifunza mambo ambayo kichwa hakiyakumbuki tena: kidole kinakaa wapi, kifyatulio kinalegea wapi kabla ya kukata, kitufe cha kudondosha magazini, kile kisanduku cha risasi ndani ya mpini, kiko wapi, kuna swichi ya usalama ya kushusha au hakuna. Siku ya hofu mkono utafanya ulichozoea, hautakuuliza leo umebeba ipi.

Chukua mfano wa swichi ya usalama. Bastola yako ya kwanza ni Glock 19, haina swichi ya kidole gumba. Ya pili ukanunua yenye swichi kwa sababu muuzaji alikwambia ni salama zaidi. Utaitoa, utalenga, utavuta, na haitalia, kwa sababu kidole gumba hakijawahi kufundishwa kushusha kitu. Upande wa pili pia upo: aliyezoea bastola aina ya 1911, yenye swichi ya kushusha na kifyatulio chepesi, akipewa bastola ya plastiki isiyo na swichi, mkono wake unakosa kizuizi ulichokizoea. Hata pembe ya mpini inahesabika. Mpini wa Glock umelala nyuma zaidi kuliko wa 1911, kwa hiyo anayehama kutoka 1911 hujikuta mtutu unaangalia juu ya shabaha na anapoteza muda kukitafuta kilengeo cha mbele.

Basi mwenye Glock 19 mdogo mtu wake wa damu ni Glock 26. Mtutu umepungua kutoka milimita 102 hadi 87, mpini umekatwa, magazini yake inabeba risasi 10, lakini inapokea magazini ya 19 yenye risasi 15 na hata ya Glock 17. Hilo ni jambo kubwa: magazini zote ulizonazo zinaendelea kufanya kazi. Ila hazirudi nyuma, magazini fupi ya 26 haifiki ndani ya 19. Glock 43X na 48, zilizotoka mwaka 2019, ni nyembamba zaidi na zinabeba risasi 10, kifyatulio kinafanana, lakini hazipokei magazini za 19. Na msidanganyike na majina: magazini ya 43 ndogo, ile ya risasi 6, haifanyi kazi ndani ya 43X. Watu wamezinunua na kurudi nazo dukani.

Mwenye M&P ya Smith & Wesson aangalie Shield Plus, ya mwaka 2021, yenye magazini za 10 na 13. Inauzwa yenye swichi na isiyo na swichi, achukue inayofanana na yake. SIG P365 ya 2018 ndiyo iliyobadilisha soko hili: gramu kama 505, unene wa inchi 1, na risasi 10 mahali ambapo zamani tulipata 6 au 7. Mwenye 1911 asilazimishwe kuacha dini yake, kuna SIG P938, ndogo ya 9 mm, ina kinyundo na swichi mahali pale pale kidole gumba chake kinapotafuta.

Na kuna wazo ambalo watu hawalipendi kwa sababu halina raha ya kitu kipya: nunua pacha. Glock 19 ya pili, ile ile, vilengeo vile vile. Kama daftari lako linaonyesha unabeba siku 12 kati ya 14, hiyo ndiyo bastola ya pili inayokufaa. Moja ikienda kwa fundi, ala na magazini zinabaki zile zile. Na ukitokea msiba wa kujihami, polisi wataichukua kama ushahidi, na inaweza kukaa huko muda mrefu. Pacha ndiyo inayobaki na wewe.

Sasa nyosheni mkono wa kulia, kunjeni kama mmeshika mpini. Angalieni vidole vitatu vya chini. Sehemu kubwa ya nguvu ya kushika iko hapo. Kwenye Glock 26 yenye magazini yake fupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, hakina pa kushika. Kwenye Ruger LCP, ndogo ya mfukoni, wengi wanabaki na kidole kimoja na nusu. Watengenezaji wanauza vitako vya magazini vya kurefusha, kidole kinapata pa kukaa, lakini urefu uliokatwa umerudi. Na mpini ndio unaoonekana chini ya nguo. Mtutu umelala ndani ya suruali, hakuna anayeuona. Kwa hiyo anayesema "nataka mtutu mfupi ili isionekane" anakata pasipo na tatizo. Tafuta mpini mfupi na mwili mwembamba, mtutu uache uwe na urefu wake. Glock 48 imetengenezwa kwa fikra hiyo: slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma bastola ikilia, karibu urefu wa 19, mwili mwembamba.

Udogo una gharama na ni haki yenu kuijua kabla ya kulipa. Slaidi fupi ina safari fupi. Katika safari hiyo lazima itoe ganda, ilitupe, irudi, ichukue risasi mpya, iingize. Ili kuisimamisha kwenye nafasi ndogo wanaweka springi ngumu, na ndiyo maana bastola ndogo ni ngumu zaidi kuivuta slaidi kuliko kubwa. Mzee mwenye baridi yabisi, au dada mwenye vidole vyembamba, anaweza kushindwa kabisa. Kwa watu hao kuna Shield EZ, ya risasi ya .380 tangu 2018 na ya 9 mm tangu 2020, yenye slaidi laini. Ijaribuni kwa mkono wenu wenyewe, mume asimchagulie mke.

Halafu kifundo cha mkono. Bastola kubwa inamsamehe aliyelegeza mkono. Ndogo haimsamehi. Slaidi inahitaji mwili wa bastola usimame ili yenyewe irudi nyuma hadi mwisho. Mkono ukirudi pamoja nayo, slaidi inafika nusu, ganda linakwama mlangoni limesimama kama bomba la jiko. Watu wanasema bastola mbovu. Mpe mwingine aliyekaza mkono afyatue risasi 20. Zikipita zote, tatizo umelijua.

Rivolva ndogo, bastola zenye silinda ya risasi inayozunguka, nazo zina wapenzi wake. Smith & Wesson 642 ina uzito wa gramu 400 na kidogo, risasi 5 za .38 Special, kinyundo kimefichwa ndani hakinasi kitambaa. Ruger LCR ni nyepesi zaidi ya hapo. Faida yake ni ya kweli: inakaa mfukoni na mkono unaweza kuwa umeishika tayari bila mtu kujua, na haina slaidi ya kusukumwa ikakataa kulia mkiwa mmekabana kifua kwa kifua. Lakini fanyeni hesabu hii. Kifyatulio chake kinahitaji nguvu ya paundi 12 hivi, karibu kilo 5 na nusu, na bastola yenyewe haifiki nusu kilo. Unavuta kwa nguvu mara 13 ya uzito wa kitu unachotaka kitulie. Ndiyo maana inayumba. Na teke lake, kwa wepesi ule, linauma kiganja. Inauzwa kama bastola ya mwanzo kwa akina mama, na nadhani huko ni kuwaonea. Rivolva ya gramu 400 ni silaha ya mtu aliyefanya mazoezi mengi. Kama bastola yako ya kwanza haikuwa rivolva, hii si mdogo mtu, ni mtoto wa jirani.

Kuhusu kaliba, yaani ukubwa wa risasi, nitakuwa mfupi. FBI hupima risasi kwenye jelatini na hutaka ipenye inchi 12 hadi 18. Risasi nyingi nzuri za 9 mm zinafika hapo hata kwa mtutu mfupi. Za .380 hupata tabu: zikifunguka haziendi mbali, zikienda mbali mara nyingi hazikufunguka. Kwa hiyo 9 mm kwanza, na .380 kwa ambaye mkono wake au nguo yake havikubali zaidi.

Umechagua. Usilipe bado. Viwanja vingi vya shabaha hapa vinakodisha. Kodi hiyo hiyo unayoitaka na ufanye mtihani mnaoujua wote, ule wa LTC: risasi 20 kwa yadi 3, 20 kwa yadi 7, 10 kwa yadi 15, jumla pointi 250, kufaulu ni 175. Fanya bila kupasha mikono moto, hiyo iwe kazi ya kwanza ya siku. Aliyepata 240 kwa bastola kubwa akipata 215 kwa ndogo, wamepatana. Akianguka hadi 180, pengo hilo ni la kufanyia kazi au ni sababu ya kuchukua kubwa kidogo. Zitazame zile 10 za yadi 15 hasa. Vilengeo vya bastola fupi vimekaribiana, kosa dogo la jicho linakuwa kubwa kwenye karatasi.

Ukishainunua, isiende kiunoni siku hiyo. Isafishe mafuta ya kiwandani, ipake mafuta yake kidogo, kisha risasi 200 za mazoezi na 50 za aina utakayobeba. Andika namba kwenye kitako cha kila magazini kwa kalamu ya wino mzito: 1, 2, 3. Ikikwama, andika ilikuwa magazini gani. Ikikwama mara tatu na zote ni magazini namba 2, umeokoa bastola nzuri, unatupa magazini moja. Ikikwama na kila magazini, badilisha aina ya risasi kwanza, kisha mwite mwingine ajaribu kushika. Ikiendelea, irudishe kwa mtengenezaji. Na zile 50 za kubeba zipite zote. Moja ikikwama, anza kuhesabu upya. Najua zina bei. Lakini hizo ndizo utakazozitegemea.

Kuna kosa la kila siku ambalo halionekani kwa mbali, hivyo njoo nalo karibu. Mtu anabadilisha bastola: jioni anatoa risasi kwenye chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, ya hii, asubuhi anaingiza kwenye chemba ya ile, na ya juu ni ile ile kila siku. Kila inapogongwa kuingia chemba, kichwa cha risasi kinasukumwa ndani ya ganda kidogo. Wekeni risasi mbili wima mezani, ile ya juu na mpya kutoka kwenye boksi. Pitisheni ukucha juu ya vichwa vyote viwili. Ukucha ukishuka ngazi, hata ndogo, hiyo ya zamani imeshaingia ndani, nafasi ya baruti imepungua, na ikilia mgandamizo utapanda kuliko kiwango. Itengeni, msiifyatue. Kuzuia ni rahisi: msitoe risasi chembani bila sababu, na inayotolewa ipelekwe chini kabisa ya magazini.

Hapo hapo naongeza: msibadilishe bastola kila asubuhi kama saa ya mkononi. Kila kuipakia na kuipakua ni nafasi ya kosa, na ajali nyingi za nyumbani hutokea wakati huo. Iacheni ndani ya ala yake, mkiitoa kiunoni itoeni na ala yote. Panga kwa majira: hii ya joto, ile ya baridi. Na kila ukihama, fanya mazoezi ya kutoa na bastola tupu dakika 10, risasi zikiwa chumba kingine.

Ala. Ala ya bastola ya pili inunuliwe pamoja na bastola, na iwe ya bastola hiyo hiyo, isiwe ya "saizi zote". Ifunike kifyatulio chote kwa kitu kigumu, Kydex, ile plastiki ngumu, au ngozi nene. Ngozi iliyochoka inajikunja mdomoni, ule mkunjo unaingia mbele ya kifyatulio, ukisukuma bastola ndani inalia kuelekea pajani. Kamba za koti zinafanya vile vile: ile kamba ya kukazia kiuno, yenye kitufe cha plastiki mwishoni, inaingia kwenye tundu la kifyatulio. Zikateni. Rudisha bastola kwenye ala polepole, ukiitazama, nguo umeipandisha juu. Hakuna anayekukimbiza wakati wa kurudisha. Ya mfukoni ikae kwenye mfuko wake peke yake, na kila wiki ifunguliwe ipulizwe: utaona vumbi la nyuzi limejaa kwenye chemba na chini ya springi, na jasho la Houston limeanza kuchora kutu kwenye skrubu za vilengeo.

Sasa ununuzi wenyewe. Mnaijua fomu 4473, ile ya serikali kuu inayojazwa dukani wakati wa kununua silaha. Mwenye LTC inayotumika, duka halihitaji kupiga simu ya uchunguzi, leseni inatosha. Ukinunua bastola mbili duka moja ndani ya siku 5 za kazi, duka litapeleka taarifa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Si kosa, si mtego, msiogope na msijaribu kuikwepa kwa kugawa manunuzi.

Kinachoniumiza moyo ni hili lingine, na nalisema kwa sababu linavunja familia zetu. Sheria ya shirikisho inawakataza walioingia kwa viza za muda, za masomo, za kazi, za utalii, kumiliki hata risasi moja, isipokuwa wenye nafasi chache zilizotajwa kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye green card anaruhusiwa. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi, na ndugu zetu wa Kongo ni wengi hapa, hakuingia kwa viza ya muda, lakini aende kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kwenda dukani. Sasa binamu yako yuko hapa kwa viza ya masomo, anakwambia: wewe una makaratasi, nunua kwa jina lako, hela hii hapa. Ukikubali, umesaini uongo kwenye fomu ya serikali kuu, ni jinai. Ukimwachia ile ya kwanza kwa sababu umepata ya pili, naye ameingia kosani. Na kwa asiye raia, hata mwenye green card ya miaka 20, kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini. Mnyime kwa upole, lakini mnyime.

Na hapa nafika kwenye jambo ninaloliona zito kuliko kaliba na majina yote. Ulipokuwa na bastola moja, ulikuwa nayo au ilikuwa kwenye sefu. Ukiwa na mbili, moja inabaki nyumbani kila siku, wewe haupo. Nyumba zetu zina wageni. Shemeji kalala sebuleni, watoto wa dada wanakuja Ijumaa wanaondoka Jumapili, fundi kaingia jikoni. Sheria ya Texas inamshtaki mtu aliyezembea kuihifadhi silaha iliyo tayari kufyatuliwa, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Juu ya kabati si sefu. Chini ya godoro si sefu. Mtoto huyo amepanda juu ya kabati kutafuta zawadi ya Idi. Nunua kisanduku cha chuma chenye kufuli, kifungwe kwa boliti ukutani au sakafuni, na kinunuliwe kabla ya bastola. Kama bajeti haitoshi vyote viwili, subiri mwezi mwingine.

Gari nalo si stoo. Ukifika penye bango la kukataza, bastola itaingia kwenye kisanduku kidogo kilichofungwa kwa waya wa chuma kwenye mguu wa kiti, na uiweke humo kabla hujafika maegeshoni, usionekane ukiinama pale. Usiku irudi ndani ya nyumba.

La mwisho ni kwa wanaosafiri Desemba. Ukiwa na bastola mbili, una magazini sita na risasi zimetawanyika kwenye begi la mazoezi, mfuko wa koti, kisanduku cha gari. Begi la mazoezi lisitumike kamwe kama begi la safari. Kenya na Tanzania risasi bila kibali ni kosa, na risasi moja ya 9 mm iliyojificha kwenye mshono wa mfuko wa pembeni itaonekana kwenye mashine ya uwanja wa ndege. Geuza begi nje ndani, pitisha kidole kwenye kila mshono, likung'ute juu ya shuka jeupe. Kisha mpe mwingine alikung'ute tena.